Sala ya Kaburini Kando ya Kitanda

Tangu siku alipomwombea mtu aliye hai sala ya marehemu, Mama Shuka hakuomba tena kwa sauti. Hata chakula mezani aliacha kukibariki. Kazi hiyo ilimwangukia mumewe, kinyozi, mtu ambaye maneno yake yote huyamaliza dukani pamoja na nywele za watu, akirudi nyumbani hana akiba. Kinyozi aliinamisha kichwa, akaitazama sahani, akasema, "Bwana, tumeona. Asante. Amina," na kijiko tayari kiko mkononi. Zamani mkewe angemkemea. Sasa aliitikia "Amina" kwa midomo mitupu, akala, akaondoa vyombo.

Jina la Mama Shuka alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu, ambamo ukuta hutoka jasho kabla ya watu. Mashuka huingia kwa mlango mmoja yakiwa kwenye matoroli, yamebeba damu, dawa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu hukitoa ukizidiwa; hutoka kwa mlango wa pili yakiwa meupe, yamekunjwa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugua juu yake. Katikati ya milango hiyo miwili ndipo alipokuwa amezeekea. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa maji ya dawa, na kucha zilikuwa fupi daima.

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Mwenzake alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hazimiki. Walishika pembe, wakavuta, wakasogeleana, wakakutanisha mikono, wakaachana tena, na muda wote huo Redio alikuwa hewani.

"We dada, uso gani huo? Umemeza pasi?"

"Vuta huko, acha maneno."

"Navuta. Ila nikuambie, ukiendelea kununa hivi mashuka yatakauka yenyewe bila mashine."

Mama Shuka alicheka kidogo kwa pua. Redio alikuwa mtu pekee aliyeweza kumtoa kicheko siku zile, nacho hakikufika mbali, kilifia hapohapo.

Ushemasi haukumjia kwa sauti kutoka mbinguni. Ulimjia akiwa hayupo. Siku moja baada ya ibada akina mama walibaki kwa mkutano, naye akatoka kwenda kusuuza vikombe uani. Aliporudi na trei, alikuta watu wanapiga makofi.

"Hongera, mama!" wakamwambia.

"Ya nini tena?"

"Umechaguliwa shemasi."

"Nani kanichagua?"

"Roho Mtakatifu," akajibu mwenyekiti wa akina mama, uso mkavu kabisa.

"Mbona nilipokuwepo hakunichagua?"

Waliangua kicheko, wakadhani amekubali. Naye hakuwa na ujasiri wa kukataa mbele ya watu, akabaki ameshika trei kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Jioni alimfuata mchungaji ofisini. Akamweleza kwamba shule aliiacha mapema, kwamba husoma kwa kufuatisha kidole chini ya mstari, kwamba akisimama mbele ya watu maneno humkimbia kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Mchungaji, mdomo wangu huu si wa madhabahuni."

"Basi kidole kitangulie, mdomo utafuata," mchungaji akasema. Alikuwa mtu mrefu, mchovu, mwenye makanisa kadhaa ya kuhudumia na pikipiki moja iliyokuwa ikihitaji maombi kuliko waumini.

Kwa kuwa hakuweza kubuni sala papo hapo kama wenzake, Mama Shuka aliomba afundishwe. Mchungaji akamtungia sala mbili, moja ya kuombea wagonjwa, moja ya kusemwa kaburini. Alizikariri juu ya mashuka, neno kwa neno, Redio akimsikiliza na kumsahihisha upande wa pili. Zote mbili zilianza na maneno yaleyale: Bwana, mtumishi wako yuko mbele yako, wewe uliyemfahamu kabla hajafahamiwa na mtu, mtazame leo. Baada ya hapo njia zilitengana. Moja ilielekea kwenye nguvu na kuinuka, nyingine ilielekea kwenye pumziko na udongo. Mchungaji hakuona hatari yoyote, wala yeye.

Ukaja msimu mbaya wa homa. Kanisa lile dogo lilizika, likazika, na mchungaji mara nyingi alikuwa kwenye kanisa jingine akizika pia. Kazi ya kusema sala kaburini ikawa ya shemasi. Alikuwa akitoka kwenye mvuke wa kufulia, anavaa kile kitambaa cheupe cha ushemasi shingoni, anakwenda makaburini, anarudi. Aliisema sala ile mpaka ikaacha kupitia kichwani. Ilikuwa inajisema yenyewe, jinsi mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

Katikati ya msimu huo akina mama walikwenda kumtazama mwalimu wa kwaya. Yeye hakuwa na homa. Alikuwa akiugua ini, tumbo limejaa, macho ya njano, na mikono iliyokuwa ikiongoza sauti nne za kanisa imelala juu ya blanketi kama ya mtu mwingine. Mkewe alikuwa amekaa kichwani pake akimpangusa. Wakaimba. Wakasoma. Mwenyekiti akasema maneno mazuri ya kutia moyo, kwamba Mwalimu, Jumapili isiyo mbali utasimama tena mbele yetu utukaripie kwa kuchelewa. Wote wakasema itakuwa, itakuwa. Kisha shemasi akaombwa kufunga.

Akafumba macho. "Bwana, mtumishi wako yuko mbele yako," akaanza, na mguu ukashuka ngazi ulizozizoea.

Alisikia mwenyekiti akikohoa. Akadhani ni kikohozi. Alisikia mtu akivuta sketi yake kutoka nyuma. Akadhani wamebanana. Akaendelea kwa ile sauti yake ya chini, ya pole, ambayo wafiwa wengi walikuwa wamemshukuru kwayo: kazi yake ameimaliza, mpokee, machozi ya nyumba hii yahesabu, na mwili huu tunaurudisha udongoni kwa amani. Hapo kwenye udongo ndipo masikio yake yaliposikia kile ambacho mdomo wake ulikuwa ukikisema. Akafumbua macho. Mwalimu wa kwaya alikuwa anamtazama, macho wazi, tulivu, ya njano. 

Hakujua afanye nini na sala iliyofika huko. Akasema, "Amina." Hakuna aliyeitikia.

Mke wa mwalimu akasimama. Hakupaza sauti. "Tokeni," akasema. "Wote. Tokeni nyumbani kwangu."

Mwalimu hakuimaliza wiki. Siku ya mazishi mchungaji hakuwepo, na Mama Shuka alisogea kaburini kwa mazoea, kitambaa shingoni, kichwa kimeinama kwa aibu. Mjane akamzuia kwa mkono mbele ya umati. "Huyu alishafanya kazi yake," akasema. "Alimzika mume wangu akiwa hai." Mwenyekiti akachukua nafasi, akaomba. Mama Shuka akarudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka alipokuwa peke yake kati ya makaburi ya watu wengine.

Mji mdogo haukosi watani. Dukani kwa kinyozi mteja mmoja alikaa kitini, akafungwa shuka shingoni, akasema, "Fundi, tafadhali mkeo asije kuniombea, bado nina mipango yangu." Watu wakacheka.  Kinyozi alimnyoa upande mmoja wa kichwa, akazima mashine, akamfungua shuka na kumwambia akamalizie kwingine. Nyumbani hakumsimulia mkewe, lakini Redio alimsimulia.

Juma lililofuata Mama Shuka alikipeleka kile kitambaa cheupe kwa mchungaji, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa.

"Nimekuja kukirudisha."

Mchungaji alikitazama bila kukigusa. "Nitampa nani?"

"Mpe anayefaa."

"Mama, nikianza kutafuta anayefaa, kesho tutafunga kanisa. Na wa kwanza kunyang'anywa ufunguo nitakuwa mimi. Wewe unadhani Mungu alikuwa na foleni ya watu hodari nje, akakosea akakuita wewe?"

"Sijui alikuwa na nani. Najua nilichokifanya."

"Ulikosea maneno."

"Alikuwa ananitazama, mchungaji."

Mchungaji akavua miwani, akapangusa macho. Mama Shuka akaacha kitambaa mezani, akatoka. Tangu hapo aliketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Wapo watu ambao wakiacha kuomba hupata nafuu, kama waliotua mzigo. Yeye hakupata. Ilikuwa kama kuishi nyumba moja na mtu mliyenuniana naye. Asubuhi akiamka alijaribu, midomo ikafunguka, na maneno yaliyokuja yalikuwa yaleyale, Bwana, mtumishi wako yuko mbele yako, na papo hapo akaona njia mbili na akaogopa zote. Akafumba mdomo. Alijiambia kwamba maisha yake yote Mungu alimpa kazi moja tu ya kutumia ulimi, na kwa ulimi huo aliingia nyumba ya mgonjwa akamzimia taa. Siku nyingine, akiwa ameinama juu ya toroli la mashuka machafu, alifikiri kwamba labda hakuna aliyewahi kusikia hata sala moja, za wagonjwa wala za kaburini, na kwamba miaka yote alikuwa akiuambia ukuta. Wazo hilo halikumshtua tena. Lilikuja likaketi naye. Akaliacha likae.

Mvua zilikuja, zikaenda. Siku moja mchana pikipiki ya mchungaji ilisikika ikikohoa nje ya chumba cha kufulia, na mwenyewe akatokea mlangoni, mvuke ukamfungia miwani.

"Mjane wa mwalimu anaumwa," akasema akiwa anaipangusa. "Wamemrudisha nyumbani kutoka wodini. Wameona hawana la kufanya tena."

Mama Shuka na Redio walikuwa wameshika shuka katikati yao. "Mungu amsaidie," Mama Shuka akasema, kwa namna watu wanavyosema.

"Anakuita wewe."

Shuka likalegea.

"Nimempelekea mwenyekiti, amemkataa. Nimekwenda mwenyewe, amenisikiliza kwa adabu, halafu akauliza yule wa mashuka yuko wapi."

"Anataka kunitukana kabla hajafa."

"Huenda," mchungaji akasema. Hakuwa mtu wa kupaka mambo sukari. "Sikumuuliza. Mimi nimeleta ujumbe." Akavaa miwani yake, ikafunga tena ukungu, akaondoka akipapasa ukuta.

Wakaendelea kukunja. Pembe hazikukutana. Wakarudia, hazikukutana.

"Nenda," Redio akasema.

"Siendi."

"Nenda akutukane, umalize. Ukirudi tutakunja. Haya mashuka hayana pa kwenda."

"Redio, nyamaza kidogo."

Na Redio, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akanyamaza. Ndicho kilichomtisha Mama Shuka zaidi ya yote.

Baada ya kazi alikwenda. Si kwa ujasiri, na asingependa mtu aseme alikwenda kwa imani. Alikwenda jinsi mtu anavyokwenda kupokea adhabu iliyocheleweshwa, kwa sababu kuingoja kumemchosha kuliko viboko vyenyewe. Hakubeba kitabu. Kitambaa hakuwa nacho. Alikuwa bado ananuka maji ya dawa.

Mlango ulifunguliwa na binti wa mwisho wa marehemu mwalimu, msichana aliyeacha kazi yake ili kumuuguza mama. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini kitambaa cha kichwa kilifungwa vizuri kama mtu anayekwenda vitani akiwa nadhifu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Mama amepona," binti akajibu haraka. "Humu ndani tunatamka uponyaji tu. Kama una neno jingine, liache nje na viatu."

"Nimesikia."

"Mimi nisingekuita. Ni yeye."

"Hilo pia nimesikia, mwanangu."

Chumba kilikuwa kilekile. Kitanda kilisogezwa dirishani, na simu ya binti ilikuwa juu ya kabati ikiimba nyimbo za ushindi kwa sauti ya chini. Mjane alikuwa amekwisha. Kati ya shuka na mto palikuwa na uso tu, na macho. Mama Shuka alijua kwa kulitazama shuka, jinsi lilivyoanguka bila kuzuiwa na kitu, kwamba muda haukuwa mwingi.

"Zima hilo," mjane akamwambia binti. "Kisha nenda kanichemshie maji."

"Mama, maji yapo kwenye chupa."

"Hayo ya zamani. Chemsha mengine."

Binti akamtazama mgeni, akazima simu, akatoka. Mjane akangoja mpaka sufuria ilipolia jikoni.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama. Sema yote. Sitajitetea."

"Kaa kwanza. Mtu hatukanwi amesimama."

Akakaa kwenye kibao kando ya kitanda. Mjane akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine.

"Unafikiri ulimuua."

Mama Shuka akainamisha kichwa.

"Ini ndilo lililomuua. Nililijua hilo hata siku nilipokutolea maneno makaburini. Nikuambie kilichotokea mlipotoka? Nilifunga mlango, nikarudi kwake nikilia, nikamwambia usimjali yule mwanamke, utapona. Akaniambia, 'Mke wangu, kumbe kuna mtu anajua.'" Alilamba midomo iliyokauka. "Alikuwa anajua siku zote. Anaogopa kusema, kwa sababu sisi tunaimba. Kila akifungua mdomo tunamwimbia. Siku ile akasema. Tukazungumza, mimi na yeye, mpaka mwisho. Hatujawahi kuzungumza hivyo tangu tuoane. Akaniaga vizuri. Akaniomba msamaha kwa mambo mengine ambayo hata sikuwa nayajua, na ningefurahi nisingeyajua."

Kitu kama kicheko kilipita usoni pake, kikageuka kikohozi. Mama Shuka akamwinua kichwa, akamsubiri, akamlaza.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba. "Mama, miezi yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuchukia. Mlango niliokuwa nimeusukuma kwa mabega yangu yote usifunguke, wewe uliufungua kwa bahati mbaya, bila hata kujua. Mimi mkewe! Halafu nilishakutangaza mbele ya watu. Kurudi nyuma kunataka nguvu, na zangu zote nilikuwa nimezitia kwenye hasira." Akafumba macho. "Sasa ni zamu yangu, na binti yangu amenikataza kufa. Namuonea huruma. Nikimwambia nimechoka, ananiambia niseme nina nguvu. Nasema. Silali usiku, ninaogopa, na kila anayekuja ananiambia nimepona. Nataka ile sala."

"Ipi?"

"Unajua ipi."

Mama Shuka alidhani angesikia mzigo ukitua. Alikuwa ameelezwa kwamba hakumuua mtu. Lakini miezi ile ilikuwa imekwisha kula ilichokula, na mahali pale ndani palipokuwa na maneno palikuwa pakavu. Aliangalia mikono yake.

"Siwezi," akasema. "Ile ilinitoroka. Sikuisema mimi."

"Leo iseme wewe."

"Mama, nikuambie kweli. Sijaomba tangu siku ile. Sijui hata kama kuna anayesikia. Nikikuombea nitakuwa nakudanganya ukiwa unakufa, na dhambi hiyo sina pa kuiweka. Waiteni wenye imani."

"Wamekuja wenye imani. Nyumba imejaa imani, sina pa kugeukia." Mkono ulitoka chini ya shuka, mwepesi kama foronya tupu, ukashika mkono wa gauni la Mama Shuka. "Imani nitatia mimi kidogo niliyonayo. Wewe leta maneno."

Akabaki ameketi. Alingoja kitu kimjie, joto, machozi, chochote. Dari lilikuwa dari. Jikoni maji yalianza kuimba. Hatimaye, kwa kuwa mkono ule haukuachia, akafungua mdomo.

"Bwana, mtumishi wako yuko mbele yako," akasema, akaishia hapo. Akaanza tena. "Wewe uliyemfahamu kabla hajafahamiwa na mtu, mtazame leo." Hapo ndipo njia zilipotengana. Aliziona zote mbili. Kwa mara ya kwanza alichagua, na kuchagua kulikuwa kugumu kuliko kukosea. "Kazi yake ameimaliza. Machozi ya nyumba hii..."

"Umeruka," mjane akasema bila kufumbua macho.

"Nini?"

"Umeruka 'mpokee'. Mimi naikumbuka yote."

"Samahani. Kazi yake ameimaliza, mpokee."

"Ndiyo. Hiyo."

"Unafanya nini?" Binti alikuwa mlangoni na kikombe. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi. "Unamfanya nini mama yangu? Baba haikutosha?"

"Mwanangu, mama yako ameniomba..."

"Muongo! Mama, amekuambia nini huyu? Mama, sema umepona. Sema!"

Mjane alifungua mdomo, na pumzi aliyohitaji kwa neno hilo au kwa jingine lolote haikuwepo. Alikuwa ameimaliza kwa Mama Shuka. Macho yalikwenda kwa binti, yakarudi, yakafumba. Vidole vyake tu ndivyo vilivyobaki kwenye mkono wa gauni, na mtu angeweza kuvitoa bila kuvuta.

"Toka," binti akasema. "Toka kabla sijaita watu."

Mama Shuka alijua jinsi ya kutoka nyumba ile. Aliujua mlango, vizingiti, macho ya majirani. Miguu yake ilikuwa imekwisha kujikusanya chini ya kibao. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kumtolea ushahidi. Kesho mji ungesema amerudia, na safari hii mwenye ushahidi angekuwa kaburini. Aliwaza hivyo waziwazi, neno kwa neno, na hakuona la kumfariji katika hayo. Kisha akaangalia vile vidole, akakaa.

"Siwezi kutoka, mwanangu. Nisamehe. Nikimaliza utanifukuza."

Binti akaweka kikombe chini kwa nguvu, akachukua simu, akatoka uani. Sauti yake ilipita dirishani, imepasuka: "Mchungaji, yuko hapa! Anamzika mama, njoo umtoe!" Kisha kimya kirefu, mtu wa upande wa pili akizungumza, na binti akirudia, "Lakini mchungaji... lakini mchungaji..."

Akaumalizia mstari wa machozi. Sala aliyofundishwa sasa ilibakiwa na mstari wa udongo peke yake, na ule haukuweza kusemwa, kwa maana mwili huu ulikuwa bado na joto na ulikuwa umemshika. Baada ya hapo hakuwa amefundishwa kitu. Mama Shuka alitazama mbele ya mdomo wake akaona mahali patupu, bila ngazi.

"Bwana," akasema. "Huyu amechoka. Usimwache aende peke yake, anaogopa." Akatafuta. "Binti yake naye anaogopa. Yuko uani, unamsikia. Usimkasirikie, anampenda mama yake kwa namna aliyoiweza." Maneno yalikuwa mafupi, makavu, ya jikoni. Aliyaonea aibu. "Mimi sifai kukwambia haya. Sina hakika kama unanisikia. Lakini hakuna mwingine hapa chumbani mwenye pumzi ya kusema, kwa hiyo nasema mimi."

Pumzi ya mjane ilikwenda, ikakaa mbali, ikarudi. Uso ulikuwa umelegea kidogo pale kati ya nyusi. Labda ni usingizi. Labda ni udhaifu tu, na Mama Shuka, aliyeona mashuka ya wengi, hakujidanganya kuwa anajua tofauti.

Binti alirudi akasimama mlangoni, simu mkononi, mabega yameanguka. Hakuingia wala hakuondoka. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea upande mmoja na hakukijali.

"Anasema nikuache," akasema kwa hasira ya mtu aliyeishiwa nguvu. Kisha, baada ya muda, "Umemaliza?"

Mama Shuka akasogea kwenye kibao mpaka nusu ya makalio yake ikaning'inia hewani, ili nafasi ya mtu wa pili ipatikane.

"Bado," akasema, na hakujua atasema nini baada ya hapo.